Tovuti Yako ya Rumonge na Homa ya Kuwa wa Kwanza Google

Wenye hoteli, wauza mawese, vyama vya ushirika na wenye mitumbwi ya kutembeza wageni, kuanzia Gatumba hadi Nyanza-Lac, wanauliza swali lile lile: "Nimetengeneza tovuti, nimelipa, mbona nikiandika 'hoteli Rumonge' sionekani?" Wengine wanaonekana, lakini ni wa nne, na hiyo nafasi ya nne inawanyima usingizi. Wanaikagua asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Wiki hii wanabadilisha kichwa cha ukurasa, wiki ijayo wanakirudisha, kisha anatokea kijana wa kuwauzia "linki 500" na pesa inatoka.

Nawajibu kwa pamoja. Sitaeleza kwa kirefu Google inavyofikiri. Nitasema la kufanya, la kuacha, na mahali ambapo pesa yako isiende. Kama huna tovuti, una ukurasa wa Facebook na namba ya WhatsApp tu, anza na sehemu ya pini ya ramani. Hiyo peke yake itakufaa kuliko kuharakisha tovuti mwezi huu.

## Acha kujitafuta mwenyewe

Google hupanga majibu kwa kuangalia mtafutaji yuko wapi, simu yake iko katika lugha gani, na mara nyingine alitafuta nini kabla. Wewe uliye sokoni Rumonge unaona orodha moja, ndugu yako aliyeko Brussels anaona nyingine, na mfanyabiashara wa Kigoma anaona ya tatu. Kwa hiyo swali la "mimi ni wa ngapi?" halina jibu moja, na jibu la simu yako ndilo lisilofaa kuliko yote, kwa sababu wewe si mteja wako.

Badala yake fanya hivi:

- Fungua Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Aliyekutengenezea tovuti anaweza kuithibitisha kwa muda mfupi. Hakikisha akaunti imefunguliwa kwa barua pepe yako, si yake.
- Humo tazama watu waliandika maneno gani, ulionekana mara ngapi, na wangapi walibofya.
- Gawa takwimu kwa nchi. Hoteli ya ufukweni ikigundua kwamba wengi wanaoiona wako Ubelgiji na Kanada, imejifunza jambo ambalo nafasi ya nne haiwezi kumwambia mtu.
- Fungua mara moja kwa wiki, si zaidi. Linganisha miezi 3 na miezi 3 iliyotangulia. Takwimu hukaa humo miezi 16, hazikukimbii.

Jihadhari na namba ya wastani wa nafasi. Maneno ya mji mdogo hutafutwa mara chache. Ukionekana mara 8 kwa wastani wa nafasi ya 2, halafu mwezi ujao mara 12 kwa wastani wa nafasi ya 6, usikimbilie kusema umeanguka. Huenda ni watu wanne wapya waliotafuta kwa maneno mapana zaidi, na zamani usingeonekana kwao kabisa.

Wala usiwaambie watoto na jamaa wabofye tovuti yako kila siku "ili ipande." Mabofyo hayo hayakuletei mgeni hata mmoja, na yanachafua takwimu unazozihitaji.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni daftari la mapokezi. Kila anayepiga simu aulizwe, "Umetupata wapi?" Andika: Google, ramani, rafiki, kibao cha barabarani, WhatsApp. Baada ya miezi michache utajua kama shida yako ni Google au ni simu isiyopokelewa. Nimeona wengi ambao shida yao ilikuwa simu.

## Pini ya ramani kwanza, tovuti baadaye

Mtu aliyeko njiani kwenye RN3, akitoka Bujumbura na njaa, hasomi tovuti. Anafungua ramani. Hapo Google hupima mambo matatu ambayo yenyewe imeyataja wazi: biashara inalingana vipi na alichotafuta, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Hayo mengine mawili unaweza kuyafanyia kazi.

- Fungua Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara yako kwenye ramani ya Google. Jina liwe lile lile lililo kwenye kibao chako. Usiongeze "hoteli bora ya bei nafuu Rumonge ufukweni" nyuma ya jina. Kanuni zinakataza, na wasifu unaweza kufungiwa.
- Uthibitisho siku hizi mara nyingi huombwa kwa video. Andaa kibao, lango, barabara inayotambulika, na kitu kinachoonyesha kwamba wewe ndiye msimamizi, kwa mfano ufunguo wa ofisi au karatasi za biashara.
- Weka pini kwenye lango ambalo gari huingilia. Kuna pini nyingi za mwambao zilizowekwa katikati ya kiwanja, na nyingine majini kabisa.
- Namba ya simu iandikwe na +257 mbele. Mgeni wa nje akibonyeza namba isiyo na msimbo wa nchi, simu haitoki.
- Saa za kazi ziwe za kweli, pamoja na siku mnazofunga.

Kuna jambo ambalo wengi hawajaligusa. Mkoa wa Rumonge uliundwa mwaka 2015. Tangu mwaka 2025 Burundi ina mikoa 5 badala ya 18, na Rumonge imeingia mkoa wa Burunga. Tovuti nyingi bado zinasema "Mkoa wa Rumonge," nyingine zimebaki na "Bururi" ya kabla ya 2015, na ramani inasema lake. Anwani ikitofautiana kati ya tovuti, ramani na Facebook, mteja anababaika na Google nayo haina uhakika kama ni biashara moja. Andika anwani mpya kila mahali kwa namna moja, kisha ongeza maelezo ya njia kwa alama ambazo wenyeji huzitumia: bandari, soko, daraja, kanisa, msikiti.

Picha nazo zina tarehe. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana mwaka 2021 na tena 2024, yakafunika fukwe na kuingia katika nyumba na hoteli za kando ya ziwa. Kama ufukwe ulio kwenye picha zako umemezwa, ondoa picha hizo leo. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya mchanga akakuta ukuta na maji ataandika maoni, na maoni hayo yatakaa kwenye ramani muda mrefu kuliko bei yako ya ofa.

Kuhusu maoni: omba kwa kila mgeni aliyeridhika, kwa maneno, anapolipa. Usinunue maoni. Usimpe mtu soda ili akupe nyota 5. Jibu maoni mabaya kwa upole na kwa ufupi, ueleze mmerekebisha nini.

## Mteja wako anaandika maneno gani?

Hapa ndipo mwambao wetu unapotofautiana na vitabu vya ushauri vya ng'ambo, na nakuomba usome taratibu. Mji kama Rumonge una wateja wa lugha nne au zaidi, na kila mmoja huandika kivyake.

- Familia ya Bujumbura inayotafuta mahali pa Jumapili huandika Kifaransa: "hôtel", "plage", "restaurant mukeke".
- Mchuuzi wa Kigoma hatafuti mukeke. Kwake samaki huyo ni mgebuka, na ndagala kwake ni dagaa. Ukimtaka, andika majina yote mawili katika sentensi ya kawaida: "Tunauza mukeke, ambao Kigoma huitwa migebuka."
- Mnunuzi wa mafuta kutoka Uvira au Kigoma ataandika mawese. Wa kiwandani Bujumbura ataandika "huile de palme". Rumonge ndiyo kitovu cha michikichi ya Burundi, na bado ni shida kumpata muuzaji mwenye ukurasa unaotaja ujazo wa dumu, bei na namna ya kusafirisha.
- Mfugaji wa samaki wa mapambo wa Ujerumani au Marekani huandika "Frontosa Burundi" au "Tropheus". Tangu Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kusafirisha samaki hao kutoka Burundi na kuandika vitabu juu yao, wapenzi wa samaki duniani huwatambua kwa jina la mahali walipovuliwa. Jina la mwambao wetu tayari ni neno wanalolitafuta. Anayefanya biashara hiyo kwa kibali ataje mahali, aina na ukubwa.

Hatua za kufuata ni hizi. Chukua daftari la mapokezi na jumbe zako za WhatsApp. Nakili maswali kama wateja walivyoyaandika, pamoja na makosa yao. Yale yanayojirudia ndiyo vichwa vya kurasa zako. Hii inashinda programu yoyote ya kulipia ya kutafuta maneno, kwa sababu programu hizo mara nyingi huonyesha sifuri kwa mji wa ukubwa wetu, na mwenye tovuti akiona sifuri huamua kuandika juu ya "safari Afrika", akagombane na makampuni ya dunia nzima.

Kila lugha iwe na ukurasa wake wenye anwani yake: Kifaransa kwenye fr, Kiswahili kwenye sw, Kirundi kwenye rn. Fundi wako aweke alama ya hreflang inayounganisha kurasa hizo, ili Google impe kila mtafutaji ukurasa wa lugha yake. Usichanganye lugha tatu katika aya moja.

"Si nitumie tu Google Translate?" Kirundi kiliongezwa humo mwaka 2024, na kishawishi ni kikubwa. Itumie kuandaa rasimu, kisha mpe mzungumzaji wa lugha hiyo aisome yote. Ukurasa ulioachwa kama mashine ilivyoutoa humfukuza mgeni katika mstari wa pili.

Bado kuna mafundi wanaotoza pesa kujaza kisanduku cha "meta keywords" kilichofichwa ndani ya ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii katika kupanga majibu. Usilipie.

## Ukurasa mwepesi kwa mtu wa bando

Wateja wako wengi wako kwenye simu ya bei ya kawaida na bando dogo. Google inapendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Kwetu sababu ni ya karibu zaidi: mtu anayelipia kila mega hasubiri picha ya machweo yenye uzito wa mega 4.

- Punguza kila picha iwe chini ya kilobaiti 200. Programu za bure zipo.
- Ondoa video inayojicheza yenyewe.
- Bei, namba ya simu na orodha ya vyakula viwe maandishi. Wengi hubandika picha ya orodha. Anayetafuta kwa maneno haipati kirahisi, na mtu wa simu ndogo haisomi.
- Namba ya simu na WhatsApp ziwe juu kabisa, za kubonyezeka. Kama unapokea Lumicash au EcoCash, sema hapo hapo.

Jaribu ukurasa wako kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, rekebisha makubwa, halafu acha. Kuna wanaohangaika wiki nzima kutoka alama 92 kwenda 100. Hakuna mgeni aliyewahi kulala hotelini kwa ajili ya alama 8.

## Linki: pokea zipi, kataa zipi

Mwaka 2012 Google ilileta badiliko lililoitwa Penguin, lililolenga tovuti zilizojipandisha kwa linki za kununua na kubadilishana. Machi 2024 ilikaza tena, safari hii ikitaja makala zinazozalishwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, na majina ya tovuti yaliyokufa yanayofufuliwa ili kupandisha kurasa duni. Vifurushi vinavyouzwa mitaani na WhatsApp mara nyingi ni vitu hivyo hivyo.

Kataa mara moja ukisikia:

1. "Nakuhakikishia namba moja." Google yenyewe inaonya kwamba hakuna anayeweza kuahidi hivyo.
2. "Nitakupandishia Domain Authority." Hiyo ni namba ya kampuni ya Moz, si ya Google.
3. "Nipe nywila zako zote, usijali."
4. "Nina mtu ndani ya Google."

Utapinga: "Lakini mshindani wangu amenunua, na yuko juu yangu." Inawezekana kabisa. Lakini hujui kama yuko juu kwa sababu ya linki hizo au kwa sababu yuko karibu na barabara, ana maoni mengi na pini sahihi. Mara nyingi Google huzipuuza tu linki za namna hiyo, maana yake pesa yake imepotea kimya kimya. Usiige sehemu ya kazi yake ambayo huioni.

Linki nzuri zinatoka kwa watu wanaokujua: chama cha ushirika unachonunua kwao, shirika linalofanya semina hotelini kwako, shule, watafiti wanaokwenda msitu wa Kigwena au hifadhi ya Vyanda yenye sokwe, mwandishi wa safari aliyekula kwako. Waombe wataje tovuti yako pale wanapotaja jina lako. Njia nyingine ni kuandika kitu ambacho watu wanakihitaji na hakipo. Chukua jiwe la Livingstone na Stanley lililoko Mugere, kusini mwa Bujumbura. Wageni wengi hufika wakidhani ndipo walipokutana mara ya kwanza, lakini walikutana Ujiji, na Mugere walifika pamoja baadaye. Jiwe limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871. Ukurasa mmoja unaoeleza hilo vizuri, pamoja na njia, mahali pa kuegesha gari na umbali wa kutoka hapo hadi kwako, utatajwa na wengine bila wewe kulipa faranga moja.

## Usiandike kila siku

Kuna imani kwamba Google hupenda tovuti inayobandika makala kila siku. Matokeo yake ni mwenye hoteli kuzalisha kwa mashine makala mia juu ya "faida za utalii", na zote hazisemi lolote ambalo mtu wa Rumonge peke yake analijua. Hilo ndilo hasa lililolengwa na kanuni za Machi 2024.

Kurasa chache zenye taarifa za kweli zinatosha. Kwa hoteli au mgahawa wa mwambao ningeanza na hizi:

- Njia ya kufika kutoka Bujumbura, kiasi cha kilomita 75, na kutoka mpaka wa Tanzania. Hali ya barabara kwa sasa, na tarehe uliyoikagua.
- Samaki gani wapo lini, na mnapika nini uvuvi ukifungwa. Upande wa Tanzania uvuvi katika ziwa ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mgeni wa kigeni halijui jambo hilo, na akikuta hakuna mukeke atadhani amedanganywa.
- Bei kwa faranga, mnapokea malipo ya namna gani, na umeme ukikatika mnafanyaje.
- Usalama wa kuogelea, uelezwe bila kuficha, pamoja na habari za viboko na mamba.

Kurasa hizo zirekebishwe mambo yanapobadilika. Kubadilisha tarehe peke yake juu ya maneno yale yale ni udanganyifu na hakumsaidii mtu.

## Ukitoweka ghafla

Usianze kuandika upya kila kitu. Kagua kwa utaratibu huu:

1. Je, tovuti inafunguka? Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na likisahauliwa hukatwa.
2. Andika site: na kufuatisha jina la tovuti yako kwenye Google. Kurasa za lugha usizozijua zikitokea, kama Kijapani, umevamiwa. Mwite fundi siku hiyo hiyo.
3. Fundi aliacha alama ya noindex, inayoizuia Google kuonyesha ukurasa, alipokuwa akijenga? Hutokea sana baada ya marekebisho.
4. Search Console ina ujumbe wowote wa onyo?
5. Kama yote ni sawa, subiri. Mabadiliko makubwa ya Google huchukua wiki kadhaa kutulia.

Na jina la tovuti liko kwa nani? Swali hili lina uzito kuliko nafasi yoyote. Mwambao mzima umejaa majina yaliyosajiliwa kwa barua pepe ya fundi, na fundi akihama au mkigombana, kila ulichojenga kinabaki mkononi mwake. Dai usajili uwe kwa jina lako na barua pepe yako, iwe ni .bi au .com. Jina la .bi huiambia Google kwamba unalenga Burundi, jambo jema kwa duka la mjini. Kama wateja wako wako Ulaya, .com inakutosha.

## Saa moja kwa wiki

Jumatatu, jibu maoni mapya na utazame Search Console. Siku nyingine yoyote katika wiki, rekebisha ukurasa mmoja kwa kutumia maswali ya daftari. Mwisho wa mwezi, kagua saa za kazi, bei na picha. Zaidi ya hapo, funga kompyuta ukakae na wageni.

Pesa uliyokuwa umeitenga kwa linki, mpe mpiga picha wa Rumonge akupigie ufukwe ulivyo sasa, na mlipe mtu anayeandika Kirundi na Kifaransa safi akusomee kurasa zako. Kabla hujawaita hao wawili, muulize fundi wako leo hii jina la tovuti limesajiliwa kwa nani.